Barua ya Wazi kwa Bunge na Wizara ya Sheria Kuhusu Ndoa, Jela na Nyumba za Watu

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Uganda,
Waheshimiwa Wabunge,
Mheshimiwa Waziri wa Sheria na Masuala ya Katiba,
Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Busia, mimi mama mkalimani mstaafu wa mahakama, ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilisimama kati ya hakimu na mshtakiwa nikiyapokea maneno ya huyu na kumfikishia yule. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu Bunge lenyewe, kwa Sheria ya Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lilikifanya lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoongeza katika ibara ya 31 maneno yanayokataza ndoa kati ya watu wa jinsia moja. Tangu hapo jambo hilo limo katika sheria iliyo juu ya sheria zote, na hakuna awezaye kuliondoa pasipo thuluthi mbili za wabunge wote kukubali katika usomaji wa pili wa mswada, na kukubali tena katika usomaji wa tatu. Huo ni ulinzi mkubwa.

Ndiyo maana nashangaa, na kushangaa kwangu kumegeuka huzuni, ninaposikia kila baada ya miaka michache kwamba ndoa iko hatarini na kwamba inahitaji sheria nyingine kali ya kuilinda. Kwa hoja hiyo wapenzi wa jinsia moja wameandikiwa vifungo vya maisha na hata kifo, ilhali watu hao hawakuja mbele yenu kuomba ndoa. Waliomba waachwe waishi nyumbani mwao bila kuvunjiwa mlango. Na wakati macho yote yakiwa huko, ndoa za wananchi walio wengi, za wake na waume wanaolima, wanaochuuza na kulea watoto pamoja, zimeachwa chini ya sheria zilizoandikwa mwaka 1904. Hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Niseme mapema ninaposimama, ili asiwepo wa kunitafsiri vibaya. Mimi ni muumini wa Kanisa la Uganda na mwanachama wa Umoja wa Akina Mama, na imani yangu ni kwamba ndoa ni ya mume na mke. Sinodi ya Kanisa la Uingereza ilipopitisha mwezi Februari 2023 utaratibu wa kuwaombea baraka wapenzi wa jinsia moja, na Askofu Mkuu wetu Stephen Kaziimba akaukataa hadharani, nilikuwa upande wake. Kanisa lina haki ya kuamua nani afungishwe ndoa katika madhabahu yake, kama vile msikiti ulivyo na haki hiyo, na Katiba inailinda haki hiyo. Lakini padri anapokataa kufungisha ndoa, aliyekataliwa hurudi nyumbani kwake. Serikali inapomhukumu mtu, harudi. Tofauti hiyo hata Askofu Mkuu aliiona, maana sheria ya kupinga ushoga ilipotiwa saini mwezi Mei 2023, pamoja na kuiunga mkono, alisema wazi kwamba Kanisa haliungi mkono adhabu ya kifo. Mimi naomba twende mbele zaidi ya hapo alipokomea.

Waheshimiwa, tazameni mashauri ambayo watu hawa wameyapeleka mahakamani katika nchi hii, kwa kuwa katika shauri ndipo mtu husema kwa kiapo anachokitaka. Mwaka 2005 mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, aliingia kwa nguvu katika nyumba ya mtetezi mmoja wa haki za binadamu, akachukua nyaraka zake, na mgeni aliyekutwa humo akapelekwa polisi na kudhalilishwa; Jaji Stella Arach-Amoko wa Mahakama Kuu akaamua mwezi Desemba 2008 kwamba haki zao za faragha na utu zilivunjwa. Katika shauri hilo hakuna aliyeomba cheti cha ndoa. Mwaka 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu liliowaita mashoga, likaandika kwamba wanyongwe. Watu watatu wakaenda mbele ya Jaji Kibuuka Musoke, naye akaamua Desemba 30 mwaka huo kwamba uhuru wa gazeti haufiki mahali pa kuhatarisha maisha ya mtu na utulivu wa nyumba yake, akaamuru kila mmoja alipwe shilingi 1,500,000. Mmoja wa hao watatu, David Kato, aliuawa nyumbani kwake wilayani Mukono Januari 26, 2011, hata mwezi haujaisha tangu hukumu hiyo. Polisi walisema mauaji yale hayakutokana na kazi yake, na mtu mmoja akafungwa miaka 30 kwa kosa hilo. Siongezi neno juu ya hukumu ya mahakama. Nakumbusha tu kwamba alichokiomba Kato mahakamani kilikuwa kutotajwa gazetini.

Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ilifuta kijifungu kilichoizuia Tume ya Fursa Sawa kusikiliza malalamiko ya watu ambao jamii inawaona wasio na maadili. Hapo napo lililoombwa lilikuwa haki ya kusikilizwa. Shirika la Sexual Minorities Uganda lilikwenda mahakamani kutaka jina lake lisajiliwe, likashindwa. Na waliopinga sheria ya 2023 mbele ya Mahakama ya Katiba hawakuiomba iguse neno lolote la ibara ya 31 linalohusu ndoa. Nimeyapitia maombi ya namna hii kwa jicho la mtu aliyezoea kusoma hati za mashtaka, na kila mara nakuta yaleyale: nyumba yangu, jina langu, mwili wangu, daktari wangu, kazi yangu.

Sasa wekeni kando ya maombi hayo majibu ambayo nchi imeyatoa. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Waingereza, iliyoanza kutumika mwaka 1950, ina kifungu ambacho kwa miaka mingi tulikijua kama cha 145, kinachohukumu kifungo cha maisha kwa tendo kinaloliita kinyume cha maumbile. Mwaka 2009 ukaja mswada wa kupinga ushoga wa Mheshimiwa David Bahati. Ulipita Desemba 2013, ukatiwa saini Februari 2014, na Agosti 1 mwaka huo Mahakama ya Katiba ikaufuta kwa kuwa Bunge liliupitisha bila akidi. Mwaka 2021 mswada wa makosa ya kujamiiana ulipita, na Rais akaurudisha akisema makosa mengi yaliyomo yalikwisha kuwa katika sheria nyingine. Kisha mwaka 2023 Mheshimiwa Asuman Basalirwa wa Manispaa ya Bugiri akaleta mswada wake, ukapita Machi 21, ukarudishwa, ukapita tena Mei 2, ukatiwa saini mwezi huohuo. Mheshimiwa Fox Odoi-Oywelowowo wa West Budama alisimama akaupinga. Wote wawili ni watu wa huku kwetu mashariki, na hilo linatosha kuonyesha kwamba si kweli kuwa wazo moja ni la wenyeji na jingine la wageni.

Sheria hiyo inatoa kifungo cha maisha kwa watu wazima wawili waliokubaliana. Inatoa kifo kwa kile inachokiita ushoga uliokithiri, kwa mfano tendo hilo likimhusu mtoto au likirudiwa na aliyekwisha kuhukumiwa. Inatoa hadi miaka 20 kwa anayeonekana kuuendeleza. Na kuhusu ndoa, ambayo Katiba ilikwisha kuikataza, inampa kifungo cha miaka 10 anayejaribu kuifunga, anayeisimamia, na hata anayehudhuria huku akijua. Naomba kifungu hicho cha mwisho kifikiriwe polepole. Ndoa hiyo kisheria haipo. Haiwezi kusajiliwa, haizai urithi, haimpi mtu jina. Mama atakayekwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba kwa sababu mwanawe amemsihi aje, akala wali akarudi kwake, amehudhuria jambo ambalo sheria yenyewe inasema si kitu, lakini sheria hiyohiyo inamtoa nyumbani kwake kwa miaka 10. Mbakaji hufungwa, mwizi wa ng'ombe hufungwa, na wote wamemtenda mtu fulani jambo fulani. Huyu mama amemtenda nani nini?

Ni kweli kwamba Aprili 3, 2024 majaji watano wa Mahakama ya Katiba waliondoa baadhi ya vifungu: kile kilichomlazimisha kila mtu, daktari na padri na mzazi wakiwamo, kumripoti anayemshuku, vile vilivyomtia hatiani mwenye nyumba aliyepangisha, na kile kilichohusu kuambukiza ugonjwa. Nashukuru kwa hilo. Lakini hukumu huandikwa Kampala, na mwenye nyumba wa Busia au wa Kyengera hasomi ripoti za sheria. Aliambiwa na redio mwaka 2023 kwamba atafungwa, akatoa mizigo ya mpangaji nje. Hakuna redio iliyorudi kumwambia kwamba kifungu kile kimekufa. Sehemu kubwa ya sheria ilibaki kama ilivyokuwa, na rufaa ikapelekwa Mahakama ya Juu. Majaji siwaandikii, kwa kuwa shauri ni lao na wana njia yao. Ninyi mnaotunga sheria hamhitaji kumsubiri jaji ili kurekebisha kazi yenu wenyewe.

Niruhusuni nieleze jinsi mashtaka haya yanavyokwenda, kwa kuwa wengi wenu mnayajua kwa vichwa vya habari na mimi nimeyasikia kwa masikio yangu kizimbani. Kijana hukamatwa usiku, mara nyingi baada ya ugomvi na jirani au baada ya rafiki wa simu kumwita mahali na kumsubiri pamoja na wenzake. Hufikishwa kituoni, simu yake ikafunguliwa na majina yaliyomo yakaandikwa. Wengine hupelekwa kwa daktari wakachunguzwa sehemu za siri bila ridhaa, ati ndiyo ushahidi, jambo ambalo halithibitishi lolote ila linamvunja mtu kwa maisha yake yote. Wazazi huja asubuhi. Dhamana ya polisi ni bure, na kila kituo kina bango linalosema hivyo, lakini nimewajua wazazi waliouza mbuzi, kisha wakauza baiskeli, ili kuilipia. Shauri likifika mbele ya hakimu hukosa shahidi, likaahirishwa, likaahirishwa tena, mwisho likafutwa. Anayelisoma daftari la mahakama ataona neno "limefutwa" akadhani mtu huyo hakupata madhara. Lakini kazi imekwisha potea, kanisani hawezi kurudi, na katika kijiji ambako mwenyekiti wa LC ndiye anayetia sahihi barua ya utambulisho hawezi tena kupata barua.

Mwezi Machi 2020 vijana zaidi ya 20 walikamatwa katika nyumba ya hifadhi huko Kyengera, wilayani Wakiso, kwa madai ya kuvunja masharti ya korona. Wengi wao walikaa rumande katika gereza la Kitalya hadi mwezi Mei kabla mashtaka hayajaondolewa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mawakili wao hawakuruhusiwa kuwaona. Nyumba ile ilikuwapo kwa sababu wazazi wao waliwafukuza. Sheria inapomwambia mzazi kwamba mwanawe anastahili kifungo cha maisha, mzazi asiye na msimamo hupata kisingizio, na mzazi mwenye upendo hupata hofu.

Serikali yenyewe imeonyesha kwa matendo kwamba sheria hii inaitia wasiwasi. Juni 2023 Wizara ya Afya ilitoa waraka kuwakumbusha wahudumu wasimnyime mtu yeyote matibabu. Agosti mwaka huo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliwaagiza waendesha mashtaka wasimfungulie mtu shauri chini ya sheria hii kabla ya kupeleka faili makao makuu. Sheria ambayo daktari anahitaji waraka ili asiitii kupita kiasi, na mwendesha mashtaka anahitaji kibali ili aitumie, ni sheria iliyoandikwa kwa haraka.

Najua jibu linalotolewa mara ya kwanza kila ninapozungumza hivi: watoto. Wazazi wanaogopa kwamba watoto wao wanarubuniwa shuleni, na hofu ya mzazi si kitu cha kubeza. Mimi nimelea na ninaijua. Lakini Kanuni ya Adhabu iliporekebishwa mwaka 2007, kosa la kumnajisi mtoto liliandikwa upya ili limhusu mtu yeyote anayefanya tendo la ngono na mtoto yeyote aliye chini ya miaka 18, awe wa kiume au wa kike, na mkosaji awe mwanamume au mwanamke. Likifanywa katika mazingira mabaya zaidi, kwa mfano na mlezi wa mtoto, adhabu ya juu ni kifo. Kwa hiyo mvulana wa shule alilindwa na sheria miaka 16 kabla ya sheria ya 2023. Kilichokosekana ni upelelezi unaomaliza kazi, daktari wa polisi asiyedai pesa ya kujaza fomu, na familia isiyoketi na mkosaji jioni kupokea fidia ya mbuzi wawili na kulimaliza jambo kimyakimya. Nimetafsiri mashauri mengi ya unajisi, na yaliyoharibika yaliharibikia hapo. Walioharibiwa walikuwa kwa wingi wasichana, na walioharibu walikuwa baba wa kambo, wajomba, walimu na majirani. Nataka hasira ya Bunge iende huko.

Wapo pia wanaotukumbusha Mashahidi wa Namugongo, nami kila Juni 3 huwakumbuka nikiwa magotini. Simulizi la Kanisa linatuambia kwamba miongoni mwa mambo yaliyomkasirisha Kabaka Mwanga ni kukataliwa na vijana wa ikulu. Vijana wale walikuwa chini ya mtu mwenye uwezo wa kuwaua, na wakasema hapana, na wakauawa kwa sababu ya imani yao. Somo ninalolipata ni kwamba mwili wa mtu hauchukuliwi kwa nguvu na mwenye mamlaka, hata awe mfalme. Silioni somo linalosema kwamba mwenye mamlaka awachome wengine.

Kuhusu hoja ya wageni, nitasema kwa ufupi. Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya kwa Uganda Agosti 2023 kwa sababu ya sheria hii, na Marekani ikatuondoa katika mpango wa biashara wa AGOA kuanzia Januari 1, 2024. Wengi walikasirika, na nawaelewa, kwa kuwa mwenye kushona nguo za kuuza nje hakupiga kura Bungeni. Sitaki mfute adhabu hizi kwa ajili ya mkopo. Lakini tuwe wa kweli pande zote: kifungu cha 145 kilikuja na Waingereza, na Machi 2009, miezi michache kabla ya mswada wa Bahati, wahubiri kutoka Marekani walikuja Kampala kutufundisha jinsi ya kuuogopa ushoga. Mgeni akitupa woga tunampokea, akitushauri huruma tunamwambia aende kwao. Jambo hili ni la Wauganda kwa Wauganda, la mama na mwanawe, na naliandika kama la kwetu.

Niguse pia mjadala wa muungano wa kiraia, yaani watu wawili kusajiliwa serikalini kama wenzi bila kuitwa mke na mume, kwa kuwa ndio unaotajwa kila mara kama mlango ambao ndoa itaingilia. Denmark ilianza usajili wa namna hiyo mwaka 1989. Afrika Kusini ilipitisha sheria yake mwaka 2006, baada ya Mahakama yake ya Katiba kulipa Bunge mwaka mmoja wa kurekebisha sheria, na hadi leo katika bara letu ni nchi hiyo pekee inayofungisha ndoa za jinsia moja. Lakini tazameni nchi nyingine. Msumbiji iliondoa adhabu hizi katika kanuni mpya iliyoanza kutumika mwaka 2015, Angola ikafuata mwaka 2021, Mahakama ya Rufani ya Botswana ikathibitisha hivyo Novemba 2021, na Mahakama ya Juu ya Mauritius Oktoba 2023. Katika nchi hizo nne watu waliacha kufungwa, na katika zote nne ndoa imebaki ya mume na mke. Hapa jirani Kenya, ambako nikitoka sokoni naweza kuvuka kwa miguu, Mahakama Kuu mwaka 2019 ilikataa kuondoa vifungu vya ukoloni, kisha Mahakama ya Juu mwaka 2023 ikaamua kwamba hata hivyo watu hao wana haki ya kusajili shirika lao. Kumwachia mtu mlango wa nyumba yake hakujawa hatua ya lazima kuelekea madhabahuni. Na kama wapo Wauganda wanaotaka kuutetea muungano wa kiraia kwa hoja, waachwe waseme, na sisi tunaoupinga tuachwe tuwajibu. Leo hatuwezi kujibizana nao, kwa sababu akifungua mdomo anaweza kushtakiwa kwa kosa la miaka 20, na mimi sitaki kushinda mabishano ambayo mwenzangu amefungwa kinywa.

Sasa nirudi kwenye ndoa zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo roho yangu inapouma zaidi. Sheria ya Ndoa tunayoitumia ni ya 1904. Ya talaka ni ya 1904. Ya ndoa za Waislamu ni ya 1906, ya Wahindu 1961, na ya usajili wa ndoa za kimila 1973. Tume ya Kalema ilipendekeza mageuzi mwaka 1965. Mswada wa Mahusiano ya Familia wa 2003 ulikwama. Mswada wa Ndoa na Talaka wa 2009 ulijadiliwa mwaka 2013, ukapigiwa kelele kwa sababu ya mali na kwa sababu ya watu wanaoishi pamoja bila ndoa, ukawekwa kando. Mswada wa Bahati uliletwa mwaka huohuo wa 2009, na mwisho wa 2013 ulikuwa umepita. Mswada mmoja uliwahusu watu wachache na ukapata muda. Mwingine ulihusu karibu kila kaya ya Uganda na haukupata.

Matokeo yake nimeyaona mara nyingi kuliko niwezavyo kueleza. Mwanamke ameishi na mwanamume miaka mingi, wamezaa, wamejenga kwa matofali waliyofyatua pamoja, lakini kwanjula, yaani sherehe ya kutambulishana kwa wazazi, haikufanyika kwa sababu mahari haikutimia, na kanisani hawakwenda kwa sababu kwanjula haikufanyika. Mwanamume anakufa. Sheria ya Urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 imempa mwenzi wa ndoa asilimia 20 ya mali na haki ya kuishi katika nyumba ya familia, na marekebisho hayo ni mazuri, nawapongeza. Lakini mwenzi ni yule aliyeoa au kuolewa kwa mujibu wa sheria za Uganda. Huyu mwanamke hana cheti wala hana sherehe. Kaka wa marehemu wanakuja baada ya arobaini wakiwa na kufuli jipya, naye anakuja mahakamani kuniambia nimwambie hakimu kwamba yeye ni mke. Namwambia hakimu. Hakimu anauliza ndoa ilifungwa wapi.

Hiyo ndiyo hatari ya ndoa katika Uganda, na haijaletwa na mashoga. Imeletwa na gharama za sherehe, na ofisi za usajili zilizo mbali na kijiji, na mahari inayodaiwa kama deni, ingawa Mahakama ya Juu mwaka 2015, katika shauri la MIFUMI, ilikwisha kusema kwamba kumdai mwanamke arudishe mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Imeletwa pia na Bunge lililoogopa kugusa mali ya waume, likapata rahisi zaidi kugusa miili ya watu wasio na wa kuwasemea.

Kwa hiyo naomba, waheshimiwa. Naomba mswada wa kufuta adhabu zinazowahusu watu wazima waliokubaliana uletwe na kusomwa, ukiondoa kwanza adhabu ya kifo, kisha kifungo cha maisha katika sheria ya 2023 na katika Kanuni ya Adhabu, kisha miaka 10 ya kuhudhuria sherehe na miaka 20 ya kusema. Hautagusa ibara ya 31, na aliye na wasiwasi aandike hivyo katika kifungu chake cha kwanza. Mwanasheria Mkuu, wakati mswada unangojewa, tafadhali wajulishe wenyeviti wa LC na wakuu wa vituo vya polisi, kwa lugha zinazosemwa wilayani mwao, ni vifungu gani Mahakama ya Katiba ilivifuta mwaka 2024, na uwazuie madaktari wa polisi kufanya ule uchunguzi wa aibu. Waziri, leta sheria moja ya ndoa inayompa mke wa matofali haki katika nyumba aliyoijenga, na uifanye ajenda ya serikali badala ya kumwachia mbunge mmoja aibebe peke yake. Na Kamati ya Sheria na Masuala ya Bunge itakapokaa kupokea maoni, iwaite vijana wenyewe na wazazi wao, kwa faragha na kwa ahadi ya maandishi kwamba hakuna atakayekamatwa kwa sababu ya ushuhuda wake. Wazazi hao ninawajua. Wanahitaji nauli na ahadi hiyo, basi.

Wenu mtiifu kwa sheria,

Mkalimani mstaafu wa mahakama,
Busia, Uganda.